Chuma Kwenye Mkono wa Mwende

Mbumbuni, Jumanne

Lakini huyu dada yangu Mwende ana moyo. Tangu avunjike mkono akawekewa chuma ndani, ngozi ya hapo humwasha, anajikuna hadi damu. Kanisani wakamwambia aongeze maombi.

Aliomba, halafu akamwendea daktari. "Daktari, hata hereni za bei rahisi zikinigusa natokwa na vipele. Haiwezi kuwa ni hiki chuma?"

Daktari hakumcheka. Alimpima aleji, na leo majibu yametoka: mwili wake unakataa nikeli, madini yaliyo ndani ya hicho chuma. Mfupa umeshashika, kwa hivyo watakitoa.

Kupasuliwa tena! Mimi nililia palepale. Mwende aliuliza tu kama atakuwa amepona kabla ya mvua, apande ndengu.