Tuta Lisilofikiwa na Neti

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji amekuja na neti ya kivuli. Ameifunika bustani yote ya marehemu mume wangu, kaka yake, utadhani bibi harusi. Tuta moja tu limebaki nje, la karibu na tangi — neti imeishia hapo. Anasema mchicha ulikuwa unateswa na jua. Akaupa pole kwa sauti. Mimi, tangu mazishi, hajaniuliza hata nimelalaje.

Mbolea ya urea anaimwaga kama anatia chumvi kwenye mchuzi wa jirani.

Jumapili, 16 Machi

Sikatai, mboga zimetoka. Jani moja linatosha kumfunika uso mlevi. Laini, limepauka, limejaa maji. Nimepika. Sufuria ilijaa hadi mfuniko ukakataa kukaa, kufumba na kufumbua — kimebaki kiganja cha mboga na ziwa la supu.

Shemeji akala, akajisifu. "Mboga ya lishe hii, inaingia mwilini bila kubisha hodi." Na kutoka hivyohivyo, nikajisemea.

Tuta la jua lina majani madogo, kijani kilichokoza, magumu kidogo. Marehemu alikuwa akichuma moja asubuhi, analitafuna bichi, anakunja uso kama mtoto aliyepewa dawa. Halafu ananiletea mimi nusu, yenye alama za meno. Nilikuwa namgombeza.

Alhamisi, 20 Machi

Sasa anataka kuling'oa tuta hilo. Eti linamwaibisha. Hospitali inatafuta mboga za wodi ya wazazi, na mtu wao akija asije akaona "vile vijani vya wagonjwa".

Nikamwomba aliache. "Shemeji," akasema, "marehemu hayumo humo."

Najua alipo. Nilikuwepo.

Jumanne, 25 Machi

Bibi Lishe wa hospitali amefika. Mdogo wa umbo, miwani mikubwa, hacheki ovyo. Alitafuna jani la chini ya neti. Akauliza mbolea inawekwa kiasi gani.

"Sipimi, mama. Mkono wangu si mchoyo."

Akamweleza taratibu, kama anayemweleza mgonjwa. Mchicha ukifichwa jua na kushibishwa urea hujaa maji na naitreti ya mbolea, na vitamini C inayosaidia damu hupungua. Jani linanawiri, mlaji anabaki vilevile. Na mzazi mwenye damu pungufu haponi kwa ukubwa wa jani. Nikageukia tangi, nisionekane ninavyocheka. Uzuri wa mkakasi!

Ijumaa atarudi kuchukua kapu la mboga akapime. Likifaulu, tutauza.

Alipoondoka, shemeji akalitazama tuta la marehemu kama ndugu aliyerudi kutoka safari. Sauti ikawa asali. "Ijumaa utachuma wewe, shemeji. Hapa, kwenye jua. Mimi nitakuwa na mgeni."

Na wodini watapelekewa zipi, nikauliza. "Za neti, bila shaka, ndizo nyingi."

Na tuta?

"Likishapimwa, kazi yake imekwisha. Jumamosi neti inasogezwa."

Sikujibu. Akadhani nimekubali. Hata kaka yake alikuwa akikosea hapohapo, lakini yeye alikuwa anarudi kuuliza.

Ijumaa, 28 Machi

Naandika jikoni, nimesimama. Sebuleni Bibi Lishe ameketi chini ya picha ya marehemu, na shemeji anamsimulia jinsi sisi hapa tunavyoliheshimu jua. Sisi! Aliyelikimbia kwa neti ni nani?

Nimekwisha chuma. Kapu limejaa. Nimelifunika kwa kitambaa kilicholowa, mboga zisinyauke njiani — marehemu ndiye aliyenifundisha. Nimechuma chini ya neti. Majani mapana, laini, yale yaliyolelewa na mkono usio mchoyo.

Kwenye tuta la jua nimechuma jani moja tu, langu. Nimelitafuna nusu. Chungu kidogo, kama siku zote. Nusu nyingine nimeishika, sijui nimpe nani.

"Shemeji," anaita, "mboga vipi? Mgeni anataka kuondoka."

Zinakuja, nimemwambia.