Ile Namba Ndogo ya Juu

Naro Moru, 10 Februari 2025

Kwa Baba mpendwa,

Habari ya Doldol? Natumaini kile kikohozi kimepungua. Mimi niko na afya, lakini moyo umechafuka.

Nimetolewa kwa darasa la hisabati. Mwalimu Griffins alitupa swali: 3ˣ⁺¹ = 81. Akaandika ubaoni ati x ni 26. Mimi nilipata 3, akaniwekea kosa. Niliinua mkono nikamweleza polepole kwamba 81 ni tatu mara tatu mara tatu mara tatu, yaani 3⁴, kwa hivyo x + 1 ni 4. Yeye aliichukua ile namba ndogo ya juu akaizidisha na tatu kama namba ya kawaida. Akaniuliza, "Ni wewe utanifundisha?" Wasichana wakacheka. Sasa nakaa nje kila kipindi chake mpaka niandike barua ya kuomba msamaha.

Msamaha wa nini, Baba?

Mwanao,
Wendy

Doldol, 17 Februari 2025

Wendy mwanangu,

Nashukuru Mungu uko mzima. Kikohozi kimeisha, imebaki vumbi tu.

Andika hiyo barua. Mwalimu ni kama mzazi. Hapa kituo cha polisi nimeitikia "ndiyo afande" kwa mambo mengi yasiyo sawa, na bado niko kazini. Ukiendelea kukaa nje utaanguka mtihani.

Baba yako,
Kioko

Naro Moru, 24 Februari 2025

Baba,

Salamu. Niko mzima.

Umeniambia niombe msamaha, lakini hukuniuliza kama nilikuwa sawa. Tafadhali chukua kalamu. Kama x ni 3, unazidisha tatu nne zenyewe kwa zenyewe, unapata 81. Sasa weka 26 ya mwalimu, uzidishe tatu ishirini na saba, uone utafika wapi. Darasa lote limenakili hiyo 26 na kupewa alama.

Siandiki barua yoyote.

Wendy

Doldol, 10 Machi 2025

Mama yangu Wendy,

Hujambo? Nisamehe kwa kunyamaza.

Nilizidisha. Nilipopita nusu milioni nikaweka kalamu chini, na nilikuwa sijafika hata nusu ya safari. Ijumaa nikaomba ruhusa nikaja shuleni. Ulikuwa kwa mtihani wa kemia, sikutaka kukuita. Mwalimu mkuu aliniambia shida si hesabu, shida ni heshima. Nikamwambia heshima haigeuzi 81.

Griffins alinifuata mpaka getini. "Afande," akasema, "mimi nilisomea historia. Wa hisabati alihamishwa Januari, nikaambiwa nishike darasa."

Nilimhurumia, lakini nilimjibu: "Basi waambie wanafunzi hivyo. Mtoto wangu anakaa kwa baridi ya mlima kwa sababu umeona aibu."

Usiandike hiyo barua.

Baba yako

Naro Moru, 17 Machi 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Niko salama, na nimerudi darasani.

Leo Mwalimu Griffins alifuta ubao, akaandika x = 3. Akasema, "Wendy alikuwa sawa. Hili somo sikulisomea." Hakuna aliyecheka. Mimi hakuniomba msamaha, na mwalimu mkuu hajaleta mwalimu wa hisabati. Ameagiza tu tusiongee mambo ya darasani nje.

Baada ya kipindi Mwalimu Griffins alinisimamisha kwa korido, akaniuliza kwa sauti ya chini kama naweza kumwonyesha swali la kesho: 2ˣ⁻¹ = 16. Nilimwonyesha, kwa sababu kesho tutakuwa arobaini mle ndani tukimtegemea.

Lakini bado niko na hasira, Baba. Usiniambie itapoa.

Mwanao,
Wendy