Skrini Iliyotetema Sebuleni kwa Mama Mdogo

Jumatatu, 10 Machi 2008. Moroni
Naandika shajara hii kwa sababu mbili. Kwanza, mhadhiri wangu wa Dar es Salaam alitufundisha kwamba hitilafu isiyoandikwa hutafutwa mara mbili. Pili, sitaki Kiswahili changu kiote kutu, na humu nyumbani hakuna mwingine akisomaye.
Hitilafu: skrini ya nje inatetema. Ni skrini ya chogo, ile nzito ya kizamani kama televisheni, inchi kumi na tisa, nimeiunganisha na kompyuta yangu mpakato inayotumia Linux. Kioo cha mpakato kimetulia kabisa. Cha nje kinapindisha mistari.
Mgeni wetu, Fundi Halidi, alisoma mistari minne, akafumba macho. "Mwanangu, herufi zako zinacheza ngoma. Alifu haijacheza tangu iumbwe."
Nilitabasamu. Niliona aibu kubwa.

Jumatano, 12 Machi
Kwa ajili ya kumbukumbu. Kwetu mwalimu wa dini huitwa Fundi. Dar walinicheka kwa hilo. Huyu ni wa Mutsamudu, kisiwani Nzwani. Alikuja Moroni kutibiwa macho, safari za Nzwani zikasimamishwa kwa ugomvi wa kisiwa hicho na serikali ya hapa, akakwama. Mama Mdogo Zahara, ambaye nami naishi kwake, akampokea.
Alikuja na hati ya mkono ya babu yake, kurasa tisini na sita. Nimeinakili yote kwenye mpakato. Lakini nakala si kitu mpaka mwenye kitabu aisome huku asili imefunguliwa ubavuni, kisha atie idhini yake. Ndiyo desturi. Macho yake yana ukungu: karatasi nyeupe humchoma, huona tu herufi kubwa nyeupe juu ya weusi. Ndiyo sababu ya skrini. Wiki mbili za kwanza ilitulia, tukamaliza kurasa thelathini. Safari zikifunguliwa, ataondoka na kitabu chake.
Jaribio la leo: kwa amri ya xrandr nimepandisha kasi ya kuchora picha kutoka mara sitini kwa sekunde hadi sabini na tano. Mtetemo umebadilika. Haukuisha.

Jumamosi, 15 Machi
Waya mpya. Bure. Nimehariri faili la mipangilio ya skrini. Ikawa giza tupu. Nimerudisha faili la awali. Nilikuwa nimemwahidi Fundi kwamba ni kazi ya saa moja. Kiburi cha shahada.
Jirani alisimama mlangoni, akauliza kwa sauti kwa nini tunafuga mtu wa Nzwani wakati huu. Mama Mdogo hakuacha kumimina chai. "Mgeni wangu, nyumba yangu, chai yangu. Wewe una nini humu?" Jirani akaondoka. Fundi akaomba kikombe cha pili.
Namshukuru Mungu kwa mwanamke huyu.

Jumanne, 18 Machi
Nimepeleka skrini na mpakato sokoni Volo Volo, kwa Saidi atengenezaye redio. Hana cheti chochote. Nilimweleza hatua zote kwa utaratibu. Akaziwasha juu ya meza yake tupu. Picha ikasimama wima kama mlingoti. Tuliitazama nusu saa.
"Bwana Shahada, mgonjwa wako mzima. Kapime nyumba."
Nilichukia. Hakutaka malipo.

Jumatano, 19 Machi
Nimeirudisha mahali pake. Inatetema.

Alhamisi, 20 Machi
Fundi alijilazimisha kurasa mbili. Kichefuchefu. Alilala mchana wote. Zimebaki sitini na nne.

Jumanne, 25 Machi
Redio: askari wa serikali wameteremka Nzwani. Fundi alishikilia redio sikioni tangu asubuhi. Binti yake Mariama yuko Mutsamudu, na simu haikuingia. Hakula.
Nami, katikati ya hayo, niliwaza kwamba sasa safari zitafunguliwa, nitaikosa idhini. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Naona haya.
Alasiri simu iliita. Mariama mzima. Fundi alilia bila kujificha. Alhamdulillahi.

Alhamisi, 27 Machi
Nimepata.
Nilikumbuka maneno ya Saidi. Kupima nyumba. Lakini kwetu nyumba ni ya mwanamke; mwanamume aishiye humo hasogezi hata kigoda bila ruhusa. Tangu Mama Mdogo aipambe sebule kwa ajili ya wageni wa maulidi, sikuwahi kugusa vitambaa vyake vilivyotariziwa. Leo nilimwomba ruhusa, rasmi mno, nimesimama.
Akafunua mwenyewe. Chini ya kitambaa, ubavuni mwa skrini: stabilaiza, kile kifaa cha kusawazisha umeme. Sanduku la chuma. Zamani lilikaa sakafuni kwenye kona. Alilipandisha mezani na kulifunika ili wageni wasilione. Usumaku wa koili yake ndio uliokuwa ukiitikisa picha. Tuliirudisha konani. Skrini ikatulia papo hapo.
"Si ungeniuliza?"
"Nilichelea kuiharibu sebule, Mama Mdogo."
"Miaka minne chuoni, unaogopa kitambaa!"
Fundi alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasoma kurasa nane.
Namshukuru Mama Mdogo. Namshukuru Saidi, na kesho nitakwenda kumwambia.

Jumapili, 30 Machi
Kurasa nane kwa siku. Zaidi ya hapo macho yanamtoka machozi. Ameona makosa yangu kumi na moja. Kila moja nimelisahihisha mbele yake.

Jumatano, 2 Aprili
Safari zimefunguliwa, chombo cha Nzwani kinaondoka kesho. Tumefika ukurasa wa themanini na nane. Nilimwomba atie idhini, kwa kuwa zilizobaki ni chache.
"Idhini si zawadi ya safari, mwanangu. Nisichokisoma sikijui."
Nilikasirika. Nikatoka, nikatembea mpaka barabara ya kupandia Mvouni, nikarudi. Hasira ilikuwa imekwisha. Kama angetia sahihi juu ya asichokisoma, sahihi hiyo ingekuwa na thamani gani?

Alhamisi, 3 Aprili
Ameondoka, na kitabu. Mama Mdogo amemfungia mikate ya safari. Sebule kubwa ghafla.

Jumatano, 16 Aprili. Mutsamudu
Nimefika jana. Bahari ilikuwa shwari. Vichochoro vyembamba, niliuliza njia mara tatu kwa Kingazidja changu, lugha ya kisiwa chetu, na mara tatu nikasindikizwa hadi kwenye kona ya njia, bila neno baya.
Mariama alinipa chakula kabla ya swali lolote. Anafundisha shule ya watoto, na ameazima skrini ya huko. Nimeijaribu. Tulivu.
Fundi amepumzika. Kupitia kwa Mariama ameniletea ujumbe: nije na udhu, nisije na haraka.
Zimebaki kurasa nane. Kesho, Alhamisi, saa kumi alasiri, nyumbani kwa Fundi.