Mfuko Ndani ya Usukani

Isiolo, 14 Machi 1983

Mwanangu Kulmiye,

Salaam aleikum. Sisi huku wazima kwa rehema za Mungu, ila mvua bado. Wewe je, baridi imepungua? Dada yako Raho anaandika, mimi natamka.

Nilipata ajali njia ya Sericho. Ngamia alisimama mbele yangu, nikakanyaga breki, lori likaingia mtaroni. Ngamia akaenda zake. Usukani ulinipiga kifuani ukavunja mbavu. Natembea sasa, lakini nikipanda lori pumzi inakatika. Nitaendesha tu. Sericho wanangoja unga.

Uliwahi kusema kwenye kiwanda chenu cha magari mnafunga kitu cha kumlinda dereva. Ni kitu gani?

Aabo yako, Jama

Ujerumani, 2 Mei 1983

Aabo mpendwa,

Waaleikum salaam. Mimi mzima, ni uchovu wa kazi tu. Mbavu zako zimenikosesha usingizi.

Kitu chenyewe ni mfuko wa kitambaa, umekunjwa katikati ya usukani. Gari likigonga, kifaa kidogo kinasikia ule mshtuko, kinapeleka umeme unaowasha tembe za kemikali. Zikiungua zinatoa hewa nyingi. Mfuko unapasua kifuniko na kujaa kabla hujapepesa jicho, na dereva akirushwa mbele anakutana nao badala ya chuma. Una matundu nyuma, hewa inatoka, kwa hivyo kifua kinazama polepole. Lakini lazima awe amefunga mkanda. Na mfuko hufanya kazi mara moja tu.

Niliona wakiujaribu kwa sanamu ya mtu. Ulilia kama bunduki. Nilikufikiria wewe.

Mwanao, Kulmiye

Isiolo, 9 Novemba 1983

Mwanangu,

Salaam aleikum. Tuko, twavumilia. Raho alimsomea barua yako Denge, fundi wa lori langu. Anasema ukituma mfuko mmoja atajua pa kuufunga. Unaweza?

Aabo yako

Ujerumani, 6 Januari 1984

Aabo,

Waaleikum salaam. Natumaini kifua kimepoa.

Siwezi. Bila kile kifaa mfuko ni kitambaa tu, na kifaa chenyewe kimepimwa kwa gari lake, si kwa lori. Denge akivifunga vyote viwili, mfuko unaweza kulipuka lori likiruka korongo lolote na kuvunja mbavu zilizobaki. Magari yenyewe ni ya matajiri. Kutwa nzima nawafungia watu nisiowajua. Tafadhali, shuka kwenye lori.

Mwanao

Isiolo, 20 Agosti 1984

Mwanangu Kulmiye,

Salaam aleikum. Afya yako? Usidhani nilikasirika. Nilichoka, hata barua ilinishinda. Ukame umemaliza mifugo na safari za unga haziishi.

Mwezi uliopita nilikuwa na Raho, anaenda Sericho kumwona shangazi yenu Asho. Tulipopita Garba Tula pumzi ilikatika kabisa. Nikasimamisha lori. Raho akasema, "Aabo, sogea."

"Nisogee wapi?"

"Huku kwangu. Denge amenifundisha."

Nilitaka kukataa. Sikuwa na pumzi ya kukataa. Akaendesha mpaka Sericho, taratibu, ameshika usukani kama mtu aliyebeba mtoto wa watu.

Wazee wa soko la mifugo wanasema binti wa Jama ameharibika. Nimewaambia waje waendeshe wao. Raho hataki kuandika maneno haya, lakini nimemwambia aandike.

Sasa dereva ni yeye. Safari ya juzi nililala. Tangu nianze kazi hii sijawahi kulala gari likienda. Nilipoamka tulikuwa tumefika, unga umeshashushwa, na hakuna aliyeniamsha.

Aabo yako, Jama