Hedifoni za Omu Mia Sita

Duka la Redio, Kiboriloni,
S.L.P. 3318,
Moshi.
2 Machi, 1996.

Mpendwa kaka Elirehema,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, pamoja na wifi na watoto. Nasikia baridi ya huko Ujerumani mwezi wa tatu bado inauma. Funika kifua, maana tangu utoto kifua chako ni cha kukohoa. Sisi huku ni wazima kwa kadiri nyumba iliyopungua mtu inavyoweza kuwa nzima. Mama anasumbuliwa na goti la kushoto, lakini majani ya ng'ombe anakata mwenyewe, na ukimzuia mnagombana. Masika bado. Mawingu yanashuka mpaka kanisani halafu yanarudi juu kama yamesahau kitu.

Barua yako ya tarehe 20 Januari niliipata wiki iliyopita. Niliisoma mara mbili nikiwa na wateja, mara ya tatu nikafunga duka. Umeandika mambo mawili. La kwanza, kwamba baba amekufa hajakusamehe, kwa sababu ulimtumia kaseti ya kumwomba radhi na hakukurudishia hata neno. Na kwamba Yakobo wa baba mdogo alikuambia kwenye simu kuwa mzee alivua zile hedifoni, akazirudisha kwenye boksi na hakutaka kuzigusa tena. La pili, unauliza ni amplifaya gani inayofaa kwa hedifoni hizo, ununue uitume, mama asikilizie nyimbo zake. Nitajibu yote, ila naanza na la pili, kwa sababu la kwanza limo ndani yake.

Kaka, mwezi wa tano mwaka jana nilikuandikia habari za masikio ya baba. Nilikwambia la kulia limekwisha na la kushoto limebaki kidogo. Nilikwambia anataka kusikiliza ibada na matangazo ya vifo bila kuwapigia kelele majirani mpaka ng'ambo ya mfereji. Nikaandika kwa wino mwekundu: OMU 32, nikapiga mstari chini. Omu ni ukinzani wa hedifoni: zikizidi, redio ndogo haiwezi kuzisukuma. Namba hiyo sikuiota. Huu ni mwaka wa kumi na mbili nafungua redio za watu hapa Kiboriloni. Nilianza na bisibisi moja na meza ya kuazima, na hakuna aliyenifundisha kwa kunionea huruma.

Wewe ukatuma za omu mia sita.

Ni nzuri, siwezi kusema uongo. Ngozi laini, waya wa kujikunja, zinakaa kichwani kama mikono ya mtu. Uliandika kwamba muuzaji alikwambia ndizo wanazovaa watu wa studio, na hakuna bora zaidi dukani kwake. Naamini alisema kweli. Lakini redio kaseti ya baba inasukuma sauti kwa volti moja tu, ikijitahidi sana. Kwenye omu 32, volti moja inatoa miliwati thelathini na moja. Kwenye omu mia sita inatoa moja na nusu na ushee. Gawanya mwenyewe, msomi ni wewe: imepungua karibu mara kumi na tisa. Umemletea mtu ng'ombe wa gredi, hukumwachia shamba la majani.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Kifurushi kilifika Ijumaa, mimi nikiwa nimekwenda Holili kuchukua spea. Nilikuwa nimewaambia wanisubiri. Hawakusubiri. Jumapili tarehe 12 Novemba, baada ya ibada, baba alikaa sebuleni bila kuvua koti la kanisani. Mama anasema alilifunga vifungo vyote, kofia akaiweka gotini. Alijua kwenye kaseti ni wewe. Yakobo ndiye aliyechomeka waya, akazivaa kwanza yeye, sekunde mbili tatu, akasikia kitu kinaongea, akatingisha kichwa kwamba zinafanya kazi. Akamvisha.

"Baba mkubwa," akampigia kelele, "leo utasikia hata vitunguu vinavyokaangwa jikoni kwa Elirehema!"

Watu wakacheka. Baba akanyoosha mkono kwamba wanyamaze.

Alisikiliza upande wa kwanza wote, dakika arobaini na tano. Mama akaugeuza. Akasikiliza na upande wa pili, ambao wewe hukuweka kitu, dakika nyingine arobaini na tano. Macho yake ameyaelekeza mlangoni, hajisogezi. Jumla dakika tisini, kaka, za kimya kitupu. Halafu akazivua, akakunja waya polepole, akazirudisha kwenye boksi. Alikuwa amemwona Yakobo akitingisha kichwa, basi akajua kaseti inaongea na hedifoni ni nzima. Kilichobaki kuwa kibovu ni yeye. Alimwambia mama maneno machache tu: "Yamekwisha. Hata lile la kushoto."

Nilipanda nyumbani Machame Jumanne. Nilizivaa mimi, nikakusikia kwa mbali, kama mtu anayeita watu kutoka upande wa pili wa korongo. Nikazigeuza, nikaona 600 imeandikwa pale ndani. Nikamweleza baba kwa kupaza sauti mpaka koo likauma, nikamwandikia na hesabu kwenye karatasi. Aliisoma yote, akatabasamu.

"Elinipendo mwanangu," akasema, "usinifariji kwa namba."

Unajua nilichofikiri wakati huo? Nilifikiri masikio yale yalikwenda wapi. Miaka ishirini na miwili alisimama kwenye mashine ya kupasua mbao, kwa ajili ya ada. Kwanza ada ya watu wawili, halafu mwaka 1974 ada ya mmoja, maana fedha hazikutosha na mimi nikatolewa kidato cha pili. Kwa hiyo kilichokuwa kimebaki sikioni mwake ni mabaki ya karo yako. Na wewe kwa mabaki hayo ulimwuliza muuzaji. Hukuniuliza mimi.

Nilianza kutafuta amplifaya siku ile ile. Mjini zipo, wati ishirini na tano kila upande, zenye taa za kupendeza, lakini zote ni za umeme wa ukutani, na nyumba yetu, kama hukumbuki, inatumia betri ya gari. Hata hivyo wati ishirini na tano za nini? Hedifoni zile hazihitaji hata nusu ya nusu ya wati. Zinachohitaji ni volti. Nikachukua amplifaya ndogo ya ndani ya redio ya gari, inayokula volti kumi na mbili za betri. Nikapima: ilitoa volti tatu na nusu safi, bila kukwaruza, na kwa kuwa ni betri haikuwa na ule mngurumo wa umeme. Volti zikiwa mara tatu na nusu, nguvu inakuwa mara kumi na mbili. Miliwati ishirini. Baba angekusikia unavyovuta pumzi. Ilikosa kapasita mbili tu, nikaagiza Nairobi.

Zilifika tarehe 7 Desemba. Baba alikuwa ameshalazwa kwa kichomi tangu tarehe 4, na tarehe 9 akatutoka. Hayo unayajua.

Namalizia la kwanza. Wiki moja baada ya maziko niliimaliza ile amplifaya, kwa sababu siwezi kuacha kazi nusu. Nikaipeleka nyumbani, nikamwambia mama alete boksi la hedifoni. Nilipofungua, juu ya hedifoni palikuwa na jani la isale. Limeanza kukauka, limefungwa fundo, na fundo limeuzungukia ule waya wa kujikunja.

Hujakaa huko muda mrefu kiasi cha kusahau isale. Unakumbuka babu alipomwendea jirani waliyegombana naye juu ya mpaka, jinsi alivyolishika kwa mikono miwili, na jinsi yule jirani alivyoshindwa kukataa, maana anayeletewa isale kuombwa radhi hakatai.

Mama alipoliona alikaa kitandani. Anasema Jumapili ile ile jioni alimwona baba anakwenda kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la nyumbani, na kisu kidogo, akakata jani moja. Mama alidhani anakwenda nalo kwenye kaburi la babu. Akamwuliza kwa kupaza sauti, "La nani hilo?" Baba akajibu, "Mtoto amesema na mimi dakika tisini, na mimi sikumsikia. Hili ni la kwangu kwake."

Basi ndiyo hivyo, kaka. Umeandika kwamba alikufa hajakusamehe. Baba hakujua umesema nini. Angeweza kudhani unamtukana, angeweza kudhani unadai sehemu yako ya shamba. Ile barua ya mwaka 1987, mlipokosana, ya kukuambia usimwite tena baba, mkono ulioiandika ulikuwa wangu lakini maneno yalikuwa yake, na nadhani tangu hapo jambo hilo lilimkaa moyoni. Aliomba radhi yeye. Wewe unasubiri msamaha, na yeye amekuachia kazi ya kusamehe.

Mama amekusikiliza kwa amplifaya yangu. Anasema hukuweza kumaliza hata dakika ishirini, sauti ilikukatika. Aliisikiliza mara mbili, akaniambia niiweke kaseti mbali na jua. Mimi tangu ile Jumanne ya kujaribu sikuisikiliza tena. Ilikuwa ya baba.

Kwa hiyo jibu la jambo la pili: usitume amplifaya. Hasa ile uliyoniandikia, ya volti mia mbili na ishirini. Itakuwa meza ya kuwekea maua. Iliyopo inatosha. Ukitaka kutuma kitu, tuma hedifoni nyepesi kwa ajili ya mama, omu 32, uzito usizidi gramu mia moja, shingo yake haiwezi zaidi. Usimwulize muuzaji. Soma namba ilivyoandikwa ndani, uilinganishe na ya kwangu.

Najua unafungua bahasha sasa hivi kuangalia kama jani limo. Halimo. Nililishika mara mbili kutaka kulitia, nikalirudisha. Isale haipokewi kutoka kwa mtu wa posta. Lipo kwenye boksi, mahali pale alipoliweka yeye, fundo halijaguswa na mtu. Mama amelihamishia boksi chini ya kitanda chake, na kila Jumapili analifuta vumbi. Mama ana miaka sabini na nne. Fanya hesabu hiyo mwenyewe.

Na mimi ninayo yangu ya kukuambia, tangu mwaka 1974. Hayo hayahitaji hedifoni. Nitayasema mbele yako, ukiwa umeshakunywa mtori wa mama, na baada ya hapo nitakuwa nimemaliza.

Shangazi Hilda anakusalimu, anasema picha ya watoto uliyotuma ameifunga fremu. Yakobo pia anakusalimu. Usimlaumu, hakujua, na tangu siku nilipomweleza hakai tena kwenye kile kiti alichokalia baba. Mwambie wifi nampenda ingawa hatujaonana.

Mungu aliyemziba baba masikio akamwachia moyo, akulinde njiani.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikikasirika,

Elinipendo