Matokeo ya Mechi Tatu za Mwisho

Mjomba,

Tulichukua. Nakuambia mimi kwa sababu sidhani kuna mtu mwingine aliyekuambia. Simu yako ilinijibu kama vile unajua, hata ikanipongeza, lakini Jumapili ile ulikuwa umeshalala kaburini Louisville kwa zaidi ya wiki. Kwa hiyo naanza upya. Timu yetu, ile iliyochekwa na kila mtu, ni bingwa wa Italia kwa mara ya kwanza tangu iundwe.

Nilidhani siku nitakayokuandikia sentensi hiyo nitakuwa naruka. Siruki. Nimekukasirikia, Mjomba, na naandika kwa kalamu kwa sababu siiamini simu tena.

Ulinisimulia habari ya jezi mara nyingi mpaka naiona. Uko kambini Tanzania, una miaka kumi, robota la mitumba linafunguliwa, unapewa jezi ya kijani iliyochanika kwapani. Hujui ni ya timu gani wala ya nchi gani. Ulipofika Marekani ndipo ulipoitafuta ile nembo, ukakuta ni timu ya mji mdogo wa milimani, iko daraja la pili na inafungwa karibu kila wiki. Wenzako wa kazi kule ghalani wakakutania, "Bwana, hiyo si timu, hiyo ni sala." Ukawajibu, "Basi mimi ni mtu wa sala."

Ukaniambukiza na mimi huku Buffalo, mpwa wako asiyeweza hata kumwomba mwalimu ruhusa ya kutoka. Uliniita Kocha kwa sababu nilikuwa natazama mpira nimekunja mikono, kimya. Kwa watu wote nilikuwa kimya. Kwako nilikuwa naongea.

Mechi nyingi zilichezwa Jumapili asubuhi, saa za ibada. Mimi niko kwenye kwaya, simu nimeificha ndani ya kitabu cha nyimbo. Wewe uko kwenye shifti, simu yako imefungiwa kabatini mpaka breki. Nilikuwa nakuandikia kila bao, nikijua utayakuta yote pamoja. Kisha inakuja sauti yako, nyuma yake mashine za kubebea mizigo zinalia: "Kocha! Nilikuambia huyu beki ni mlango wa choo, kila mtu anapita!" Nilikuwa naisikiliza nje ya kanisa nikiwa nimeipa watu mgongo, wasinione ninavyocheka.

Unakumbuka mwaka ule ulipoumia mgongo? Tulifungwa manne. Nilikuonea huruma, nikakuandikia tumeshinda mbili kwa moja. Ulipogundua ulinipigia, na hukupaza sauti. Ulisema, "Kocha, usinidanganye matokeo hata siku moja. Hata nikiwa kitandani. Mtu akifungwa, aambiwe amefungwa." Nilikuwa na miaka kumi na nne. Maneno yale niliyashika kuliko aya nyingi za Jumapili.

Sasa nikueleze ulivyoyavunja.

Mwezi wa tano Mama aliniambia anakwenda Columbus kumsaidia Mama Mdogo aliyejifungua. Alituacha, mimi na wadogo zangu, kwa jirani. Mtoto alikuwa amezaliwa kweli, ila alikuwa na zaidi ya mwezi. Mama alipita Columbus kumchukua mdogo wake tu, wakaja pamoja kwako Louisville, hospitalini ulikokuwa umelazwa. Mimi nilikuwa nasoma kwa ajili ya mitihani, na zilibaki mechi tatu.

Jioni moja ukaniandikia, "Koo linauma, siwezi kuongea." Nikakuambia unywe tangawizi. Kuanzia hapo sikusikia sauti yako, nilipata maandishi tu. Na yalikuja haraka, Mjomba, bila kungoja breki. Mechi ya kwanza kati ya zile tatu, kipa wetu alipewa kadi nyekundu mapema, tukabaki kumi na tukashinda kwa bao la kichwa dakika za mwisho. Nikakuuliza umeionaje. Ukajibu, "Kipa wetu amejitahidi sana." Nilicheka peke yangu. Nikasema, Mjomba amechoka, hajatazama.

Mechi ya pili tulitoka sare. Sikuweza kula. Uliniandikia, "Kula mama, Mungu yupo." Nikala.

Mama alirudi Buffalo akiwa amekonda. Alisema mtoto wa Mama Mdogo hamlazi mtu. Nilimpikia uji.

Mechi ya mwisho ilikuwa moja bila, penalti, na dakika saba za nyongeza ambazo niliziimba zote bila kujua naimba nini. Filimbi ilipolia nikaandika, "TUMECHUKUA." Jibu likaja kabla wimbo haujaisha: "Tumechukua mwanangu. Bwana asifiwe."

Wewe hukuwahi kuniita mwanangu.

Baada ya mahafali tulisafiri kwenda Columbus. Nilidhani ni sherehe yangu. Nilivaa gauni jeupe, na njia nzima nilikuwa najipanga nitakavyokudai jezi, maana uliniahidi: siku tukichukua, ni yangu. Tulipofika kwa Mama Mdogo, mtaa wa Northland, mlango ukafunguliwa nikaona makochi yamesukumwa ukutani na wanawake wamekaa kimya, kanga mabegani. Hakuna aliyesema hongera. Mama Mdogo alinikalisha, akaniwekea wali. "Kula kwanza," akasema. Nikauliza, "Mjomba ameshafika?" Akasema, "Kula kwanza, binti yangu." Nilikula vijiko vitatu. Mchungaji akasimama: "Mtoto wetu, umesoma, umemaliza. Sasa tunaweza kukuambia."

Kwetu mtu aliye mbali haambiwi msiba kwenye simu, na mwenye mtihani haambiwi kabisa. Desturi hiyo naijua. Bibi alipofariki kambini, wewe na Mama mlimficha Mama Mdogo mpaka akajifungua mtoto wake wa kwanza. Nilikuwa mdogo, nikanyamaza pamoja nanyi, nikaona huo ndio upendo. Sikujua ukoje kwa yule anayefichwa. Mtu anarudi nyuma akihesabu siku moja moja. Siku uliyozikwa mimi nilikuwa najifunza kukokotoa eneo la duara. Siku ya arobaini yako ilinikuta nachagua viatu.

Mama alitoa simu yako kwenye mkoba, akaiweka mapajani mwangu. "Ni mimi," akasema. "Alinishika mkono akaniambia, asiambiwe mpaka avae joho. Ningefanyaje?" Wanawake wakaanza kulia. Mimi sikulia. Niliuliza jezi iko wapi. Mama akasema, "Amelala nayo."

Kwa hiyo ni wewe. Ningeweza kumchukia Mama, na kwa siku kumi sikusema naye, lakini ni wewe uliyeagiza. Ulifungwa, Mjomba, ukaamuru niambiwe umeshinda. Hukunipa hata nafasi ya kukuambia kwaheri. Hata jezi hukuniachia.

Lakini kuna kitu sijamwambia mtu, na nikikuficha nitakuwa sawa na ninyi. Jumapili ile ya mwisho, nilipoandika "Tumechukua", niliinua macho kutoka kwenye kitabu. Mama alikuwa kwenye benchi la tatu. Nilimwona ameinama juu ya mkoba, vidole vinatembea, machozi yanamtoka. Kisha simu yangu ikatetema. Nikasoma "mwanangu". Nikamtazama tena. Nikafunga kitabu na kuendelea kuimba.

Nadhani nilijua. Nilitaka tuwe mabingwa wawili kwa siku moja zaidi. Basi na mimi nilikudanganya matokeo.

Msimu mpya umeanza. Nimepata kazi ya kuhudumia wazee, na Jumapili mbili kwa mwezi simu yangu nayo inakaa kabatini. Juzi, kabla ya mechi ya kwanza, niliandika utabiri kwenye namba yako bila kufikiri, kama zamani: mbili moja. Jikoni kitu kikalia. Hakuna aliyejibu. Mama akaja mpaka mlangoni na simu yako mkononi, akasimama pale kama mtoto aliyevunja sahani. "Kocha," akasema, "kipa yule wa kadi nyekundu amesharudi?"

Nikamwambia amerudi. Ndilo neno refu zaidi tulilosema tangu Columbus.

Lala, Mjomba. Sijakusamehe, na sitakuandikia kwamba nimekusamehe ili kukufurahisha. Wewe mwenyewe ulinikataza. Lakini kabla theluji haijaanguka nitakuja Louisville, na Mama nitakuja naye. Nitakaa chini hapo ulipo nikuhadithie zile mechi tatu, dakika kwa dakika, kadi na sare na penalti, kwa sauti, hata watu wakipita. Na nikimaliza, Mama atakuambia mwenyewe kipa alifanya nini.

Mpwa wako,
Kocha