Mama Katika Nyumba Yenye Pembe

Jumapili, alasiri. Mvua imekatika tangu asubuhi, mlima umejifunika wingu hadi kiunoni, na migomba inaendelea kudondosha maji. Elia amewasindikiza wageni mpaka mtoni. Mama mkwe amelala. Nimepata utulivu kidogo, ingawa chini ya kucha zangu kuna udongo ambao sabuni imeshindwa kuutoa.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kukiandika shuleni misheni. Kimeru nakisema tu.

Nianze na nyumba.

Mume wangu Elia ni mwalimu, na mwalimu anatarajiwa kuishi watu wamwone. Kwa hiyo alipojenga hakujenga nyumba ya mviringo kama ya baba yake. Alijenga yenye pembe nne, madirisha mawili ya mbao, meza katikati, viti viwili, na kuta zilizopakwa chokaa zikawa nyeupe kama boma la Wadachi kule Arusha. Siku tuliyohamia nilisimama mlangoni nikashindwa kuingia kwa furaha. Nilikulia ndani ya moshi. Sikujua kwamba nyumba inaweza kuwa na mwanga kiasi kile.

Mvua za mwaka huu ziliangusha nyumba ya mama mkwe, naye akahamia kwetu.

Macho ya mama yamekuwa yakififia kwa muda mrefu. Anaona mwanga na giza, na kati yake kitu kama ukungu. Kwake hilo halikuwa tabu kubwa. Katika nyumba ya mviringo aliweka mkono ukutani akaufuata, na ukuta ukamfikisha kila mahali: kitandani, kwenye vibuyu, kwa ndama, mlangoni. Joto la mafiga yaliyokuwa katikati lilimwambia yuko upande gani. Nilimwona huko akifanya kazi zake upesi kuliko mimi.

Kwetu moto uko nje, kwenye kibanda cha kupikia. Ndani ni kweupe juu ya kweupe. Kiti cha mbao nyeupe mbele ya ukuta mweupe, kwake hakipo mpaka kimgonge goti.

Elia akiwa nyumbani, mama hukaa kwenye kigoda chake karibu na dirisha, mgongo wima, akimuuliza habari za shule. Hasogei. Elia alidhani amezoea.

Mimi niliziona alama kwenye miguu yake. Nikaisogeza meza hadi ukutani, katikati pakabaki wazi. Ilisaidia kidogo. Kisha nikasokota kamba ya maganda ya mgomba, nikaifunga kutoka kitandani kwake hadi mlangoni ili aishike. Aliipapasa, akaifuata hatua chache, akaiachia. Akaniambia kwa upole kwamba yeye si mbuzi.

Niliifungua kamba siku hiyohiyo.

Wiki iliyopita nilirudi kutoka shambani nimebeba mkungu wa ndizi, nikaita, hakuitika. Nilimkuta amesimama pembeni nyuma ya kitanda chetu, viganja vyote viwili ukutani, nguo yake imelowa na sakafu chini yake imelowa. Alikuwa ametaka kutoka nje. Alishika ukuta akafika kwenye pembe, akageuka, akagusa kitanda, akageuka tena, akakutana na pembe ile ile. Sijui alikuwa hapo tangu saa ngapi.

"Mlango umekwenda wapi?" aliniuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Nilimwogesha, nikambadilisha nguo, nikasugua sakafu kwa majivu. Aliniomba nisimwambie Elia. Nikaahidi. Kisha akasema apelekewe salamu mwanawe mwingine, Nasari, aje amchukue akaishi naye Nduruma.

Nduruma ni tambarare, kuna joto na homa. Mama amezaliwa mlimani na hajawahi kulala huko hata mara moja. Nilijua, na naamini yeye pia alijua, kwamba mtu wa umri wake akishuka kule kwenye masika hapandi tena.

Na bado, ngoja niseme ukweli. Wazo la kwanza lililonijia halikuwa huruma. Niliwaza kwamba nyumba itakuwa yangu tena, nyeupe, bila mtu wa kuzigusagusa kuta kwa mikono yenye masizi.

Wazo hilo lilinikaa muda wote nilipokuwa nikimenya ndizi.

Jioni ile mama alikuwa akitafuta chungu chake kati ya vyungu vyangu. Vyote vilikuwa na ukubwa mmoja. Alipitisha kidole shingoni mwa cha kwanza, akakiacha, cha pili akakiacha, cha tatu akakichukua. Chungu chake kina mkanda wa udongo uliotuna, mfinyanzi aliuzungushia kama pambo. Nilimwangalia mpaka akamaliza kula. Kichwani mwangu nilikuwa tayari nimeanza kukandika.

Nilimweleza Elia kwamba nataka kuzitia udongo kuta za ndani. Alikataa. Mchungaji wa Kidachi na wazee wa kanisa wanakuja Jumapili kutazama nyumba za walimu, na yetu ndiyo mpya. Alibeba ile chokaa mwenyewe, mzigo baada ya mzigo. Nikamwambia ni kwa ajili ya mama, apate kutembea vizuri. Akanijibu kwamba mama anatembea vizuri, kwani amelalamika lini? Nilifungua kinywa, nikakumbuka ahadi, nikakifunga.

Nasari alikuwa ameshajibu kwamba angekuja Jumatatu.

Kwa hiyo Elia alipokwenda shule sikungoja ruhusa. Jirani yangu mama Anaeli aliniletea udongo mwekundu kutoka kingo za mto Maji ya Chai, mimi nikakusanya mweusi wa mtoni, samadi mbichi na majivu. Tulianza na pembe. Tulizijaza udongo mpaka zikawa za mviringo, mkono ukipita hausimami, unateleza tu kuelekea ukuta unaofuata. Chini ya kuta tukapaka udongo mwekundu hadi usawa wa kiuno. Kuzunguka mlango tukapaka mweusi mpana, na miguu ya viti nikaipaka mweusi huohuo, nikaisugua kwa mafuta usitoke. Mwisho nikafinyanga mkanda mwembamba uliotuna, kutoka kitandani kwa mama, kupita meza, kupita dirisha, hadi mlangoni. Karibu na mlango niliutia alama za vidole, ili mkono ujue kwamba umekaribia kufika.

Mama alikaa kwenye kigoda chake akisikiliza. Aliuliza tunafanya nini. Nikasema tunapamba. Hakuuliza tena, lakini mara moja alisema samadi imezidi, mkanda utapasuka ukikauka. Ulipasuka kweli, nikaurudia.

Elia aliporudi alisimama mlangoni muda mrefu. Hakupaza sauti, si tabia yake. Aliniuliza kama nimewahi kumwona akiharibu kitu changu. Kisha akatoka akakaa nje kwenye gogo, na chakula chake kikapoa. Kwa kuwa Elia yupo, mama hakunyanyuka kigodani, kama kawaida yake, na mimi sikuwa na neno la kujitetea ambalo halikuwa siri ya mtu mwingine.

Tangu hapo hadi leo amezungumza nami kuhusu maji na kuni tu. Jana nilimwona ameishika ndoo ya chokaa iliyobaki. Akaitazama, akairudisha mahali pake.

Leo baada ya ibada wageni wakaja. Mchungaji aliingia akiinamisha kichwa, ingawa mlango wetu ni mrefu. Wazee walikaa kwenye mkeka. Alisifu madirisha. Alisifu sakafu. Kisha akaona ukuta, akainama kuutazama ule mkanda, akaupitishia kidole, akauliza kwa Kiswahili chake cha polepole ni kitu gani hiki, je, ni mila?

Elia alianza kujibu kwamba ni kazi ya wanawake tu. Mama akamkatiza. Mama hajui Kiswahili, lakini alikuwa amesikia kidole kikipita ukutani. Alizungumza Kimeru, wazi, mbele ya wazee wote.

"Mwanangu, mwambie mgeni. Nilipotea ndani ya nyumba yako. Nilitafuta mlango nikaukosa, nikajilowesha kama mtoto. Mkeo akaniogesha akanyamaza. Huo mkanda ni njia yangu ya kutokea."

Wazee waliinamisha macho. Mchungaji alimtazama Elia akingoja tafsiri.

Nilimtazama mume wangu. Ilikuwa rahisi kusema jambo lingine, nani angejua nje ya watu wa mkekani, na wao wasingemuumbua. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alinitazama mara moja, kisha akamgeukia mchungaji akatafsiri. Hakuruka neno. Hata lile la kujilowesha alilisema.

Mchungaji aliutazama mkanda tena. Akasema alidhani ni pambo.

Elia akampelekea mama jibu hilo kwa Kimeru. Mama akatabasamu, mara ya kwanza tangu ahamie.

"Mwambie ni pambo pia. Mkwe wangu ana mkono mzuri."

Kisha akasimama. Aliweka kidole ukutani, akapita mezani, akapita dirishani, akapita nyuma ya wazee bila kumkanyaga mtu, akatoka nje kwenda alikotaka kwenda.

Wageni walipotoka kupumzika uani, Elia alinisogelea kibandani nikipakua chakula. Alisema, "Ungeniambia." Nikamwambia niliahidi. Akatikisa kichwa, akachukua vyungu viwili akavipeleka ndani mwenyewe, jambo ambalo mwanamume wa hapa hafanyi wageni wakiwa bado uani. Mzee mmoja alimwona. Elia hakujali, au alijifanya hajali.

Mama ametoa agizo kabla ya kulala: Nasari akifika kesho, apikiwe vizuri, apewe ndizi za kubeba, arudi zake Nduruma peke yake.

Najiuliza ni vitu vingapi vya nyumba hii nilivipenda kwa sababu vinaonekana kutoka njiani. Bado naipenda chokaa. Ukuta mmoja nimeuacha mweupe kutoka juu hadi chini, ule wa upande wa kitanda chetu, unaopata jua la asubuhi. Mama hana haja nao, na Elia hakuuliza kwa nini haukuguswa.

Huo ni wangu.